Amplifaya ya Marehemu: Tuitengeneze au Tununue Mpya?

Najua nimepotea siku nyingi, kazi za zamu na baridi ya Uingereza vimenibana kweli kweli. Leo nimerudi na habari ya dude moja la kilo 15 ambalo limenikosesha usingizi wiki tatu nzima.

Ilianza Jumapili moja ya mwezi wa pili. Simu ikalia, nikapokea, kumbe ni Bi Mkubwa mmoja wa Unguja ambaye tunaishi naye mji mmoja hapa. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, halafu hakuzunguka: "Mwanangu, redio ya marehemu imenyamaza. Njoo uitazame kabla huyu hajaitupa." Huyu ni kijana wake wa mwisho, mzaliwa wa hapa hapa, mtoto mzuri tu lakini hana subira na vitu vizito.

Sasa hiyo anayoiita redio si redio. Ni amplifaya ya stereo ya Kijapani, sura ya alumini, ubavu wa mbao, ambayo marehemu mumewe aliinunua mwaka 1976 pale Tottenham Court Road, London, mtaa uliokuwa umejaa maduka ya vyombo vya muziki enzi hizo. Mzee alikuwa akifanya kazi kiwandani, akadunduliza miezi. Jina la kampuni nalikalia kimya, halina kosa lolote, chombo kimefika umri wa babu. Pembeni yake kuna sahani zake za santuri, taarab nyingi, nyingine zina umri kuliko mimi. Bi Mkubwa hataki hata kusikia habari ya kuzihamishia kwenye kompyuta. Anataka zilie pale pale zilipokuwa zikilia.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa hivi. Mwanzo spika ya kushoto ilikuwa ikikwaruza kama mtu anayekaanga bisi. Baadaye ikawa inakuja na kuondoka. Mwisho ukiwasha, taa inawaka, lakini ile "tak" inayosikika ndani baada ya sekunde chache haiji tena, na kimya kinatawala pande zote mbili. Kijana alishapiga hesabu yake: fundi mmoja alimwambia kwa simu kwamba kuitazama tu ni pauni 40, na matengenezo huenda yakafika pauni 150 au zaidi. Mtandaoni kuna amplifaya mpya kwa pauni 130, inakuja na rimoti na Bluetooth. "Mama, kitu kina miaka karibu hamsini!"

Na mimi, nakiri mbele yenu, nilimuunga mkono kijana. Nikasema Bibi, kitu kikizeeka kimezeeka. Bi Mkubwa akanitazama tu. Nikarudi nyumbani nikiwa na haya, nikaanza kusoma na kuuliza wanaojua. Nilichokuta kimenigeuza kabisa, maana umri ndiyo swali la mwisho kuuliza. Kinachotakiwa kujulikana ni chombo kilitengenezwa katika zama zipi, kwa sababu kila zama ziliacha ugonjwa wake na dawa yake. Na cha ajabu, aghalabu kilicho kizee zaidi ndicho kinachotibika kwa urahisi.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1904 hapa London, John Ambrose Fleming alitengeneza valvu ya kwanza, chupa ya kioo iliyotolewa hewa na kuwekwa vipande vya chuma ndani. Mwaka 1906 kule Marekani, Lee de Forest akaongeza kipande cha tatu, na hapo ndipo ilipowezekana kuchukua umeme dhaifu na kuukuza. Amplifaya zote zilizofuata kwa miaka hamsini zilisimama juu ya valvu. Waingereza waliupenda sana mchezo huu. Mwaka 1945 kampuni ya Harold Leak ilitoa amplifaya iliyoitwa Point One, yaani upotoshaji wa sauti asilimia 0.1 tu, jambo ambalo wakati ule lilionekana kama majigambo. Mwaka 1947 mhandisi D.T.N. Williamson akachapisha mchoro wa amplifaya yake katika jarida la Wireless World, toleo la Aprili na la Mei, kila kitu hadharani, na watu wakaijenga majumbani mwao mezani pa jikoni. Huko Huntingdon, kampuni ya Peter Walker ikatoa Quad II mwaka 1953. Santuri za stereo zilipoingia sokoni mwaka 1958, wenye nazo moja wakanunua ya pili, moja kwa kila sikio.

Nataka muone jambo hapa. Valvu ilijulikana tangu mwanzo kwamba itakufa. Kwa hiyo waliichomeka kwenye soketi kama globu, unaing'oa kwa mkono, unachomeka nyingine. Nyaya ndani ni nene, zimelehemiwa moja moja, fundi anaona kila kitu kwa macho. Mchoro ulichapishwa. Valvu za aina ya KT66, zilizotumiwa na Williamson na pia na Quad II, zinatengenezwa mpaka leo. Basi ukirithi amplifaya ya valvu ya mwaka 1955, kitu cha kuogopa zaidi ni umeme wake, maana ndani mna volti 400 na kitu. Zile kapasita zake za karatasi iliyochovywa nta huvuja, zinabadilishwa, kazi inaendelea.

Kisha ikaja transista. Iligunduliwa Desemba 1947 katika maabara za Bell huko Marekani na kina Bardeen, Brattain na Shockley, wakapewa Nobel mwaka 1956. Haina kioo, haihitaji kupashwa moto, haili umeme mwingi. Lakini zile za mwanzo zilikuwa za jerimaniamu, na jerimaniamu haipatani na joto. Ikipata moto inapitisha umeme mwingi zaidi, umeme ukizidi inapata moto zaidi, na hivyo hivyo mpaka inajiua yenyewe. Leak walitoa Stereo 30 mwaka 1963, miongoni mwa amplifaya za kwanza za transista katika nchi hii, na ilikuwa ya jerimaniamu. Ni chombo cha kihistoria, lakini ukipewa leo kikiwa kimeungua, transista zake za mwisho, zile zinazosukuma spika, kuzipata ni kama kutafuta meno ya kuku. Hazitengenezwi tena, zilizopo ni mabaki ya maghala. Kwa hiyo chombo cha 1963 kinaweza kuwa kigumu kutibu kuliko cha 1953. Hilo mimi sikulijua.

Silikoni ndiyo iliyoleta utulivu. Quad walitoa 33 na 303 mwaka 1967, za silikoni, na ile 303 ina kapasita kubwa katikati ya transista na spika, hivyo transista ikifa spika haiungui. Kulikuwa pia na transista moja ya Marekani iitwayo 2N3055, kofia ya chuma yenye miguu miwili, ambayo mafundi wetu wa redio waliofanya kazi miaka ya sabini na themanini wengi wanaitambua hata gizani. Hiyo bado inapatikana dukani. Amplifaya maarufu ya NAD 3020 iliyotoka mwaka 1978, wati 20 tu kwa kila upande, bei ya wanafunzi, iliitumia hiyo hiyo pamoja na mwenzake MJ2955. Ndiyo maana mpaka leo watu wanazifufua.

Halafu Wajapani. Hapa niruhusuni nikae kidogo, maana ndipo amplifaya ya marehemu ilipozaliwa. Mwanzoni mwa miaka ya sabini kampuni za sauti zilikuwa zikidanganyana kwenye matangazo, kila mmoja anatangaza wati kadiri mdomo wake unavyompeleka. Mwaka 1974 serikali ya Marekani, kupitia tume yake ya biashara, ikaweka sheria: ukitangaza wati, lazima upime pande zote mbili zikifanya kazi pamoja, mfululizo, na kabla ya kipimo uichoshe amplifaya kwa saa nzima ikiwa kwenye theluthi moja ya nguvu zake. Sasa theluthi moja ya nguvu ni mahali pabaya, amplifaya za aina ile huchemka kweli kweli hapo. Ili wafaulu mtihani, watengenezaji walilazimika kuweka transfoma kubwa na mabati mazito ya kupozea yenye mapezi kama ya samaki. Wakaona kumbe uzito wenyewe unauza, wakaanza kushindana. Pioneer wakatoa SX-1250 mwaka 1976, wati 160 kila upande, na mwaka 1978 SX-1980, wati 270, zaidi ya kilo 35. Nani nyumbani kwake anahitaji wati 270? Mwenye ukumbi wa harusi labda.

Lakini ushindani ule ulituachia urithi. Kitu kilichojengwa kustahimili saa nzima ya kuchemka, kikitumiwa na mzee mmoja mstaarabu anayesikiliza taarab baada ya Isha kwa sauti ya chini, hakijatumia hata robo ya nguvu zake. Ubao wa saketi ni mpana, namba za kila kipande zimechapishwa juu yake, na kampuni zilitoa kitabu cha fundi chenye mchoro na volti za kila kona. Walifanya hivyo kwa sababu walijua kitarudi kwa fundi. Amplifaya ilikuwa mshahara wa wiki kadhaa, saa ya fundi ilikuwa nafuu, na mitaani kulikuwa na maduka ya kutengeneza redio. Hesabu ile ile ya nyumbani kwetu: kitu ghali, mikono rahisi, kwa hiyo kinatengenezwa mpaka kikome. Leo hapa Uingereza hesabu imepinduka, kitu ni rahisi, mikono ndiyo ghali. Kijana wa Bi Mkubwa hajakosea hesabu, amekulia upande huu wake tu.

Si kila kilichotoka Japani miaka ile ni salama, lakini. Katikati ya sabini Sony na Yamaha walijaribu transista za aina ya pekee zilizoitwa V-FET. Yamaha B-1 ni mfano, na Sony TA-5650. Wanaozijua wanazisifu kwa sauti. Zikiungua, ndiyo basi, hakuna kiwanda kinachozitengeneza na huwezi kuweka nyingine mahali pake bila kubadili chombo chote. Kwa hiyo kabla hujampa mtu pauni zako 40, fungua kitabu cha chombo chako mtandaoni, tazama transista za mwisho zina jina gani, kisha tafuta kama jina hilo au mbadala wake linauzwa. Dakika kumi zinakuokoa.

Baada ya hapo mambo yakaharibika polepole. Mwishoni mwa sabini na miaka ya themanini amplifaya nyingi za bei ya kati ziliacha transista za pekepeke zikatumia tofali moja jeusi lenye miguu mingi, nyingi zikiwa za Sanyo, majina yanaanza na STK. Amplifaya nzima ndani ya tofali! Kiwandani ni rahisi sana, fundi anabandika anaenda nyumbani. Likiungua unahitaji tofali lile lile. Sanyo waliiuza biashara yao hiyo kwa kampuni ya Kimarekani mwaka 2011, matofali mengi hayatengenezwi tena, na yanayouzwa mtandaoni mengi ni ya bandia, jina limepigwa chapa juu ya kitu kingine. Mwaka 1985 yen ya Japani nayo ilipanda sana baada ya mkataba wa Plaza, kampuni zikahamisha viwanda na kubana gharama. Ukiinyanyua amplifaya ya 1990 ya bei sawa na ile ya 1976, mkono wako utakueleza.

Miaka ya 2000 mwanzoni kukawa na balaa la kapasita mbovu, zilizovimba na kupasuka, kompyuta nyingi zilikufa kwa ugonjwa huo. Kuanzia tarehe 1 Julai 2006 Ulaya ikapiga marufuku madini ya risasi katika lehemu za vyombo vipya, jambo jema kwa afya na mazingira, ila lehemu mpya inayeyuka kwenye joto kubwa zaidi na zile za mwanzo zilikuwa na tabia ya kupata nyufa. Na mnakumbuka vile viamplifaya vidogo vya katikati ya miaka ya 2000, vya plastiki, vilivyosifiwa dunia nzima? Ndani mlikuwa na chipu moja ya kampuni iitwayo Tripath. Kampuni ikafilisika mwaka 2007. Chombo cha mwaka 2005 hakina kipuri, cha mwaka 1978 kinacho. Nilimsomea kijana sehemu hiyo kwa simu, akanyamaza kidogo.

Haya, tuingie ndani ya dude la Bi Mkubwa. Tulilibeba mimi na kijana mpaka kwa fundi, Mwingereza mzee anayefanya kazi zake kwenye gereji nyuma ya nyumba. Kabla hajalichomeka ukutani alilipitishia kwanza kwenye globu ya zamani ya wati 100, ile ya waya unaowaka. Globu inakaa njiani kati ya ukuta na chombo. Kama ndani kuna mahali pameungana vibaya, globu inawaka kwa nguvu na chombo kinapona. Kama hakuna, globu inawaka kidogo kisha inafifia. Akatuchekesha kwamba siku hizi kazi ngumu ni kuipata globu yenyewe, maana Ulaya ilianza kuziondoa madukani mwaka 2009. Globu ikawaka, ikafifia. Akatabasamu. Transfoma nzima, transista kubwa nzima.

Ile "tak" iliyopotea, akatueleza, ni swichi ya usalama iitwayo rilei. Chombo kikiwashwa kinajikagua kwanza. Kama kinaona umeme wa moja kwa moja unataka kwenda kwenye spika, kinakataa kufunga swichi, kwa sababu umeme huo unaunguza spika kwa dakika chache. Kwa hiyo kimya kile sicho kilichokuwa ugonjwa. Kilikuwa kinalinda spika za marehemu. Kijana aliposikia hivyo akalitazama lile dude kwa adabu kidogo.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa vitu vidogo. Upande wa kushoto, mwanzoni kabisa mwa njia ya sauti, kulikuwa na transista mbili ndogo kama punje za dengu, na moja ilikuwa inavuja. Baadhi ya aina za transista ndogo za Kijapani za miaka ile zinajulikana kwa hilo, zinaanza kwa kukwaruza, na miguu yake iliyopakwa fedha inageuka myeusi. Pili, kiwandani walishikiza vipande kwa gundi ambayo ikizeeka inakuwa kahawia, inaanza kupitisha umeme na kula miguu ya vipande vilivyo karibu. Rezista moja ilikuwa imeliwa mguu mpaka ukabaki uzi. Tatu, skrubu ndogo inayopima umeme wa kupumzikia wa transista kubwa ilikuwa na kutu ndani. Hiyo ndiyo hatari ya kweli, maana ikikatika ghafla transista kubwa zinachemka na kufa. Na mwisho, kapasita.

Kapasita nieleze kidogo, maana ndizo kila mtu anazozitaja. Mnajua mgao wa maji Dar: maji yanakuja kwa mawimbi, leo yapo kesho hayapo, lakini mwenye tangi juu ya paa bomba lake linatoka sawasawa. Umeme unaotoka kwenye transfoma unakuja kwa mawimbi, na kapasita ndiyo tangi. Ndani yake mna karatasi ya alumini na maji maji ya kemikali, mdomoni pamezibwa mpira. Miaka ikienda, yale maji yanakauka. Kanuni ya mafundi ni kwamba ukipunguza joto kwa nyuzi 10, umri wa kapasita unakuwa mara mbili, kwa hiyo mkirundika vitabu juu ya amplifaya mnajua mnachokifanya. Nilidhani fundi atazing'oa zote. Alizipima, zile mbili kubwa kama makopo ya maziwa akaziacha, akasema zinafanya kazi na hana sababu ya kumtoza mjane kwa kitu kizima. Akabadilisha ndogo kumi na kitu. Tahadhari lakini: tangi hata bomba la mtaa likifungwa linabaki na maji. Msifungue mfuniko mkaingiza vidole kwa sababu tu mmechomoa waya ukutani.

Bei yake: pauni 165 jumla. Kijana akarudia hoja yake, mpya ni 130. Hapo ndipo tulipokumbuka santuri. Santuri haichorwi sauti kama ilivyo. Besi inapunguzwa ili mfereji usiwe mpana, sauti nyembamba zinaongezwa, na amplifaya inatakiwa irudishe kila kitu mahali pake. Kipimo cha kurudishia kilikubaliwa Marekani mwaka 1954 na kikaenea. Amplifaya za miaka ya sabini karibu zote zina tundu la kuchomeka santuri lenye kazi hiyo. Ile ya pauni 130 haina, tulisoma maelezo mara mbili. Utanunua kidude kingine cha pembeni. Hesabu ikakaribiana.

Kijana akaja na wazo jingine: kuna mtu anauza amplifaya kama hiyo hiyo, mtumba, inalia, pauni 120. Fundi akamwambia kwamba hiyo nayo ina gundi ile ile na transista zile zile na umri ule ule. Utakuwa umenunua ugonjwa wa mama yako kutoka kwa mwenye nyumba mwingine, ila haujajitokeza. Na kama wapo wanaofikiria kumtumia mtu nyumbani chombo cha namna hii ndani ya kontena, umeme wa hapa na wa Tanzania unaelewana, lakini tazama nyuma kwanza, maana vilivyouzwa ndani ya Japani ni vya volti 100, ukikichomeka Temeke ni moshi.

Nisije nikaonekana nahubiri matengenezo kwa kila kitu. Nilimuuliza fundi lini yeye anakataa. Akasema transfoma ikiungua, maana ilisukwa kwa chombo kile peke yake na kuisuka upya ni ghali kuliko chombo. Transista zisizopatikana, tumeshazisema. Chombo kilicholala kwenye maji. Na alichokichukia kuliko vyote ni chombo kilichopitia mikono ya mafundi watatu wasiojua, ubao umechomwa, njia za shaba zimebanduka, vipande vya bandia kila mahali. Hicho hakigusi. Alikuwa na kimoja pembeni, kizuri kwa nje, akatuonyesha ndani, kweli kilikuwa kimechinjwa. Ningeongeza la kwangu: kama hakuna anayekipenda, usitengeneze. Uingereza ilileta kanuni mwaka 2021 za kuwalazimisha watengenezaji waweke vipuri vya mashine za kufulia, friji na televisheni kwa miaka 7 mpaka 10. Amplifaya haimo. Huku kwenye sauti anayeamua bado ni mwenye chombo na mfuko wake.

Tulimpelekea Bi Mkubwa habari zote, nikitafsiri, kijana akisahihisha hesabu zangu. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza moja tu: "Na hiyo mpya, ikiharibika, huyu mzungu ataiweza?" Kijana akampigia fundi pale pale. Fundi akajibu kwamba za bei ile huwa hazifungui, ubao wake vipande vimesongamana kama chembe za mchanga na mchoro haupewi. Bi Mkubwa akaingia chumbani, akatoka na pauni 100 kwenye bahasha. Kijana akaongeza 65.

Tuliichukua baada ya wiki tatu. Fundi alitupa vipande vya zamani ndani ya kifuko, na akatuonyesha kitu ndani ya mfuniko. Kulikuwa na maandishi ya penseli ya fundi mwingine, tarehe ya mwaka 1988 na neno moja, "relay". Naye akaandika yake chini, tarehe na orodha ya alivyobadilisha, kisha akafunga skrubu.

Ilipowashwa sebuleni tukasubiri wote watatu bila kupumua, sekunde tano hivi... tak. Bi Mkubwa alikwishachagua sahani tangu asubuhi. Aliposikia kushoto kunalia, akamwambia kijana apunguze, jirani atagonga ukuta. Kijana hakupunguza. Sasa ananitumia ujumbe kila siku akiuliza kama na mpira wa pembeni wa spika ukioza unabadilishika. Unabadilishika, lakini hiyo nitaiandika siku nyingine, leo naingia zamu ya usiku.